Barua ya wazi kwa Nissan: hasara ileile mara ya tatu, na dawa ileile

Kwa:
Bw. Ivan Espinosa, Mkurugenzi Mtendaji,
pamoja na Bodi nzima ya Wakurugenzi,
Nissan Motor,
Yokohama, Japani.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUKATA WATU NA VIWANDA BILA KUTUONYESHA GARI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza poleni na majukumu. Mimi ni muuza spea, nina kaduka Gerezani hapa Kariakoo, Dar es Salaam, mwaka wa 16 huu, na karibu nusu ya mzigo wangu ni wa Nissan. Sina hisa hata moja kwenu na Japani sijawahi kukanyaga. Lakini gari mnayoiunda leo, ikishatumika miaka saba minane kwa Mjapani, inapanda meli inakuja kwetu, na mimi ndo nakutana nayo ikiwa imechoka inadai bushi na shokapu. Kwahiyo maamuzi yenu ya Yokohama nayaona kwa mlango wa nyuma, tena nayaona vizuri sana pengine kuliko nyie.

Haya nilianza kuyasema chini chini. Kuna muagizaji mmoja wa spea hapa mjini, jina naliacha, nilimuandikia mara mbili halafu nikamfata mpaka ofisini, akanisikiliza, akaniagizia soda, mwishoni akasema "kaka hayo maamuzi ya huko juu, mimi napokea kontena tu." Haya, basi naandika huko juu. Na naandika hadharani kwasababu hata huko kwenu wenye hisa zao kabisa walisimama kwenye mkutano wa Juni 2025 wakafoka, na mimi sioni kilichobadilika.

Msidhani naandika kwa chuki. Mzee wangu alikua anasimulia Safari Rally mpaka chai inapoa, Datsun (jina lenu la zamani) ya Shekhar Mehta, 1973 kashinda, halafu 1979, 80, 81, 82 mfululizo, mtu mzaliwa wa Uganda anaendesha gari la Japani kwenye tope la Kenya na Wazungu wanaangalia vumbi. Na kwa jirani zetu Nairobi matatu ya watu 14 iliitwa "nissan" hata kama ubavuni imeandikwa Toyota Hiace. Jina likishafika hapo hamhitaji tangazo. Ndo maana inauma.

Sasa malalamiko yangu, nimeyapa namba ili msiseme hamkuelewa.

1. Hasara ileile, dawa ileile.

Hili ndo kubwa kwahiyo nivumilieni. Mwaka wa fedha 1999 (mwaka wenu wa fedha unaisha Machi ya mwaka unaofuata) mlipata hasara ya yen bilioni 684.4. Mwaka wa fedha 2019, bilioni 671.2. Mwaka wa fedha 2024, bilioni 670.9. Nilipoziona hizo namba kwa mara ya kwanza nilidhani nimesoma mstari mmoja mara mbili. Yaani ni kama mtu anaenda kupima kila baada ya muda na kipimo kinasoma palepale, na daktari haulizi huyu mbu anatoka wapi, anaandika tu dozi.

Na dozi tuiangalie. 1999 Wafaransa wa Renault waliingia na hisa zao, akaja Carlos Ghosn kuwaongoza, mkakata watu 21,000 na kufunga viwanda vitano, Murayama ikiwemo. 2019 mkatangaza kupunguza watu 12,500, mwaka uliofuata mkasema na Indonesia mnafunga na Barcelona mnafunga. Novemba 2024 mkasema watu 9,000, na Mei 2025 wewe mwenyewe ukaja ukasema hapana, ni 20,000, na viwanda vitoke 17 vibaki 10. Mpango umepewa jina Re:Nissan. Jina zuri. Ule wa 2020 uliitwa Nissan NEXT na ule wa Machi 2024 uliitwa The Arc, na huo wa mwisho uliahidi modeli mpya 30 na kuongeza mauzo ya gari milioni moja, haukumaliza hata mwaka.

Mimi sisemi kukata ni dhambi. Mwaka wa fedha 2017 mliuza gari milioni 5.77, na 2024 mkauza kama milioni 3.35, sasa viwanda vya gari milioni tano vinafanya nini kama wanaonunua ni milioni tatu, hata mimi duka likikosa wateja narudisha fremu moja kwa mwenye nyumba. Ninachouliza ni kwanini kila baada ya kukata mnakonda tu, halafu baada ya miaka mnarudi hospitali mkiwa na kilo pungufu na ugonjwa uleule.

2. Gari zilizeeka mkiwa mnahesabu idadi.

2011 mlikua na mpango unaitwa Power 88, asilimia 8 ya soko la dunia na asilimia 8 ya faida. Toka hapo ikawa kazi ni kusukuma gari zitoke, hasa Marekani, punguzo juu ya punguzo, gari zinauzwa kwa mafungu kwa kampuni za kukodisha. Muuza spea yeyote atawaambia kitu kimoja, ukimzoesha mteja punguzo siku ukitaja bei halisi anakuona mwizi. Na gari iliyouzwa kwa punguzo inashuka bei na kwa mtumba, kwahiyo mwenye nayo akitaka kubadilisha anakuta haina thamani, anaondoka na mwaka unaofata hanunui Nissan tena. Ndo ilivyoenda.

Halafu haibridi, gari za petroli na umeme pamoja. Hapa ndo napigwa na butwaa. e-Power mliitoa Japani 2016 kwenye Note, injini ya petroli inazalisha umeme tu na mota ndo inasukuma tairi, kitu safi, na 2018 Note ikawa inaongoza mauzo Japani ukiacha vile vigari vidogo vya kei. Sasa inafika 2024, Wamarekani wanazitafuta haibridi kwa tochi, Toyota na Honda wanauza mpaka wanaishiwa, na nyie huko Marekani hamna haibridi hata moja dukani. Hata moja! Note e-Power za mitumba zinashuka hapa bandarini, nina mteja wa Mbagala anayo, yaani mtu wa Mbagala anaendesha e-Power na mtu wa Marekani mwenye hela mkononi hamna cha kumuuzia. Nusu ya kwanza ya mwaka ule wa fedha faida yenu ya uendeshaji ilishuka kwa asilimia 90, ikabaki bilioni 32.9. Mlishangaa nini?

Leaf, gari lenu la umeme, nayo sijui niiseme vipi. Desemba 2010, watu wengine bado wanachekea gari za umeme, nyie mnauza tayari. Mlikua na miaka ya mbele ya kila mtu. Betri mkaiacha inapozwa na hewa tu wakati wengine wanaweka mfumo wa maji, na sasa hivi mtu akitaka kununua Leaf ya mtumba kitu cha kwanza anahesabu vile vimstari 12 vya betri kwenye dashibodi vimebaki vingapi, kama anahesabu meno ya ng'ombe mnadani.

3. Viti.

Ghosn alikamatwa Novemba 2018, mwisho wa 2019 akatoroka kwenda Lebanon kwenye boksi, hiyo dunia nzima inaijua na siirudii. Ila mkija mbele ya watu mnapenda kuishia hapo, kana kwamba shida ilipanda naye ndege. Baada yake Mkurugenzi Mtendaji Saikawa akaondoka Septemba 2019 kwa habari za malipo yaliyozidi. Uchida akashika kiti hicho Desemba, na msaidizi wake Seki hakumaliza hata mwezi akatangaza anahamia Nidec, kampuni ya mota. Gupta, namba mbili wa Uchida, naye akatoka 2023. Miaka hiyohiyo mnavutana na Renault nani awe na asilimia ngapi kwa nani, mpaka Februari 2023 ndo mkakubaliana washuke kutoka 43 hadi 15. Miaka yote hiyo watu wenye akili zao wanakaa vikao vya hisa, na huku Wachina wa BYD wanaunda magari.

Halafu Honda. Desemba 23, 2024 mmesaini makubaliano ya kuzungumza kuungana nao, Februari 13, 2025 mmevunja. Honda walitaka muwe kampuni tanzu, nyie mkaona ni dharau. Sawa, heshima ni kitu, na mimi nisingependa jirani ambaye tulianza wote aniambie leo nifanye kazi dukani kwake. Lakini ukikataa mkono wa jirani unatakiwa uwe na unga ndani. Novemba mwaka uleule mkauza jengo lenu la makao makuu hapo Yokohama kwa yen bilioni 97 mkabaki wapangaji kwa miaka 20.

Na wakubwa walioachia ngazi, Uchida na wenzake watatu, walilipwa jumla yen milioni 646. Hiyo mliiweka wazi wenyewe, na ndo ilichoma wenye hisa kwenye ule mkutano.

4. Na wanaolipa ni hawa.

Oppama. Kiwanda kimefanya kazi tangu 1961, ndo kilichoanza kuunda Leaf, kina watu kama 2,400, na Julai 2025 mkatangaza mwisho wa mwaka wa fedha 2027 gari hazitatoka tena pale, kazi inahamia Kyushu. Fundi wa miaka 50 mwenye nyumba na wajukuu Yokosuka unamwambia ahamie Kyushu? Civac, Mexico, kwenu kabisa Bw. Espinosa, kiwanda chenu cha kwanza nje ya Japani, 1966, nacho kimo kwenye orodha. Najua hilo halikua rahisi kwako kulitamka.

Rosslyn, kiwanda chenu pale nje ya Pretoria, hiyo inatuhusu Waafrika moja kwa moja. Kulikua na kipikapu cha nusu tani, NP200, na kabla yake ile 1400 ambayo Afrika Kusini kila fundi bomba na muuza mboga aliijua. 2024 mkaacha kuunda NP200 na hamkuweka mrithi pale kiwandani. Ikabaki pikapu kubwa ya Navara peke yake, kiwanda kikawa kinapiga miayo, na Januari 2026 ikatangazwa kwamba majengo na mitambo vinaenda kwa Chery ya China. Wachina wameangalia palepale mlipoona hasara wakaona soko. Mimi hapo sina la kuongeza.

Na wale wadogo wanaowatengenezea vipuri. Machi 2024 Tume ya Ushindani ya Japani iliwakuta mmekata malipo ya kampuni 36 ndogo, jumla kama yen bilioni 3, pesa ambayo mlishakubaliana nao. Mlirudisha, sawa. Ila mnajua nini kinatokea ukimbana anayekutengenezea bushi? Anatengeneza bushi ya hela uliyomlipa.

5. Sisi wa mlango wa nyuma.

Mtasema hatuwahusu, hatukununua kwenu, tumenunua mnadani. Ngoja niwaeleze kitu kimoja nilichokiona mwezi uliopita.

Kaja mama mmoja na chupa ya maji ya kunywa, ndani oili nyeusi inanuka kama kitu kilichoungua. Ana Nissan Dualis. Akasema, "Baba, fundi kaniambia ninunue oili ya gia ya oto, hii aliyoweka mwanzo imeisha nguvu haraka." Nikamuuliza mwanzo aliweka ipi, akatoa risiti, kaweka ATF, oili ya gia ya oto ya kawaida. Kwenye CVT, gia ya oto inayotumia mkanda! Dualis ile inataka oili ya CVT ya NS-2, X-Trail ya toleo la T32 inataka NS-3, ukiweka ATF mkanda wa mle ndani unateleza, unachimba, na gia boksi ndo kwaheri. Gereji ndo iliyokosea, nyie hamkuwepo. Lakini nilipomwambia alikaa kwenye kistuli changu akanyamaza kama dakika tano, halafu akauliza, "Sasa hii imeandikwa wapi?" Imeandikwa kwenye kitabu cha gari, na kitabu cha gari ni cha Kijapani.

Nyie CVT zenu mnazijua. Marekani mliongeza dhamana ya zile za modeli za mwaka 2003 mpaka 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000, hamkufanya hivyo kwasababu mlikua na hela ya kuchezea. Kwetu sisi hata karatasi moja ya Kiswahili inayosema weka oili hii usiweke ile, hakuna. Na hivyo ndivyo jina linavyokufa, gari inaharibiwa na fundi asiyejua, halafu mtaani inasemwa "Nissan gia boksi hazidumu", bei ya mtumba inashuka, na mnunuzi wa Mombasa au Dar anaiogopa mnadani kule Japani. Mnada ukishuka thamani ya gari yenu inashuka palepale Yokohama, na Mjapani aliyeinunua mpya anapata kidogo akiibadilisha. Mnaona duara? Yule mama wa Dualis yumo kwenye hesabu zenu, ila hamjampa safu.

Najua mtajibu nini.

Mtasema China. Ni kweli, 2018 mliuza kule zaidi ya milioni 1.5 na 2024 hamkufika laki 7, na Volkswagen nao wamepigwa, Honda nao wamepigwa. Lakini nyie wenyewe mmeonyesha dawa iko wapi, 2025 mmetoa N7 na wenzenu wa China Dongfeng, gari ya umeme iliyochorwa na kuundwa na timu ya China kwa haraka na kwa bei ya pale, na watu wameinunua. Kumbe mkiwaachia watu wanaokaa na mteja waamue, inawezekana.

Mtasema ushuru wa Trump. Ushuru umeanza Aprili 2025. Hasara ya bilioni 670.9 ni ya mwaka ulioisha Machi 2025. Hapo hata mtoto wa darasa la nne anaona.

Mtasema sehemu kubwa ya hasara ni ya vitabuni, mmeshusha thamani ya mitambo, siyo hela iliyotoka mfukoni. Ndugu zangu, mtambo unashuka thamani kwasababu hauna gari la kuunda. Mimi nina rafu nzima ya spea za Sunny B13, kwenye daftari zina hela nyingi, kwenye hali halisi ni chuma chakavu. Siku nikizifuta kwenye daftari siwezi kusema sijapata hasara, hasara niliipata siku nilipoziagiza.

Na mtasema mpewe muda. Huo nakubali, kwa masharti. Kwenye mpango wako kuna vitu vimenifurahisha na ni haki kuvisema. Kupunguza aina za vipuri kwa asilimia 70, hilo mimi nalipigia makofi nikiwa nimesimama, hamjui tabu ya kumuuliza mteja X-Trail yako ni ya injini gani, QR20 au MR20 au ile MR20DD, na yeye anajibu "ya silva". Kupunguza chasisi kutoka 13 mpaka 7, na gari kuundwa kwa miezi 30 badala ya kusubiri mpaka wateja wazeeke, hayo ni ya kiufundi na yanaonyesha kuna mtu amewahi kugusa gari hapo ofisini. Nimesikia kwamba wewe umetokea upande wa kupanga magari. Basi simama upande huo.

Ninachoomba:

Kwanza, kila mnapotangaza kiwanda kinafungwa mtangaze siku hiyohiyo gari gani linakuja, lini na wapi. Siyo "modeli 30", taja jina na mwezi.

Pili, malipo ya wakubwa wanaoondoka yafungwe na matokeo. Mtu akiacha kampuni na hasara aondoke na nauli.

Tatu, watu wa Oppama waambiwe kila mmoja anaenda wapi kabla ya siku ya mwisho haijafika, na wale wadogo wanaotengeneza vipuri walipwe bei mliyokubaliana, asiguswe mtu tena.

Nne, Afrika. Mmeshaondoka Rosslyn, basi tuambieni kama mnabaki au mnaaga. Kama mnabaki tunahitaji pikapu ndogo ya bei ya fundi bomba.

Tano, hili halina gharama kabisa: karatasi moja ya Kiswahili, aina ya oili ya CVT kwa kila modeli na baada ya kilomita ngapi ibadilishwe, iwekwe mahali mtu anaweza kuishusha kwenye simu. Mkishindwa kuitafsiri niambieni, naifanya bure jioni moja nikifunga duka, nitabandika na mlangoni.

Ni hayo tu kwa leo. Mama wa Dualis gia boksi yake imesafishwa na kuwekwa NS-2, inatembea, ikipanda mlima inalia kidogo. Kasema atarudi mwisho wa mwezi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuza spea,
Gerezani, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Nakala: muagizaji aliyeniagizia soda.